Si Kila Muwasho ni Fangasi

Kuna maumivu ambayo mtu akiyataja mbele za watu hupewa pole: kichwa, mgongo, jino. Kuwashwa sehemu za siri hakumo kwenye orodha hiyo. Ukiwashwa huko unajifunza kukaa upande upande, kubana mapaja katikati ya mazungumzo, kuaga unakwenda chooni ilhali huna haja yoyote, na usiku kusubiri mwenzio apitiwe na usingizi ndipo ujikune. Asubuhi unaamka na michubuko, mkojo ukipita unachoma, na siku inaanza upya.

Nimeishi hivyo kwa muda mrefu. Katika muda huo wote, kila niliyepata ujasiri wa kumweleza, awe rafiki, muuza dawa au mhudumu wa afya, alinipa jibu kabla sijamaliza kusema: hiyo ni fangasi, tumia dawa hii.

Haikuwa fangasi. Naandika kwa sababu najua wapo wengi wanaozungushwa kwenye njia ileile, wananunua krimu, wanapata nafuu ya siku chache, wanarudi palepale, na mwishowe wanaanza kuamini kwamba mwili wao una kasoro au kwamba wao si wasafi. Ninachotaka kusema ni kimoja: kuwashwa ni dalili. Sababu zake ni nyingi, na nyingi kati ya hizo haziwezi kujulikana kwa maelezo ya mdomo. Lazima mtu akuangalie, na lazima kitu kipimwe, kabla hujapewa dawa nyingine tena.

Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani kwa wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia wenyewe dawa ya fangasi ya ukeni. Walipopimwa, takriban theluthi moja tu ndio waliokutwa na fangasi peke yake. Waliobaki walikuwa na maambukizi ya bakteria, au mchanganyiko wa mambo, au tatizo jingine kabisa, na wapo ambao hawakukutwa na maambukizi yoyote. Hawa walikuwa watu wazima wanaoujua mwili wao. Si kwamba hawakuwa makini. Ni kwamba muwasho wa fangasi, muwasho wa mzio na muwasho wa ugonjwa wa ngozi, kwa anayewashwa, vyote vinafanana.

Kuna jambo lililonichelewesha ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Dawa zile zilinisaidia. Kila nilipopaka, muwasho ulipungua kwa siku kadhaa, na mimi na walionipa dawa tukachukulia nafuu hiyo kuwa ushahidi kwamba ugonjwa ni fangasi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba krimu yenyewe, hata bila dawa ndani yake, huilainisha ngozi iliyokauka na kuituliza. Zaidi ya hapo, baadhi ya krimu za fangasi huchanganywa na steroidi, dawa inayopoza uvimbe na muwasho wa ngozi wa kila aina. Kwa hiyo unaweza kupata nafuu kutokana na dawa ambayo haijagusa chanzo cha tatizo. Dawa ikikusaidia kwa wiki moja halafu hali ikarudi vilevile, tena na tena, huo si uthibitisho kwamba una fangasi sugu. Ni sababu ya kuuliza upya swali la kwanza.

Fangasi wenyewe wapo, tena ni wa kawaida sana. Inakadiriwa kwamba wanawake watatu kati ya wanne watawapata angalau mara moja maishani. Mara nyingi ni kandida, kiumbe ambacho huishi mwilini bila kuleta shida mpaka mazingira yabadilike: umetumia antibayotiki, una ujauzito, una kisukari kisichodhibitiwa, kinga imeshuka. Dalili zake ni muwasho mkali, wekundu, uvimbe, na mara nyingi uchafu mweupe mzito wenye mabonge usio na harufu mbaya. Anayewapata mara 3 au zaidi ndani ya mwaka mmoja anahesabiwa kuwa na fangasi wa kujirudia, na huyo anahitaji sampuli ioteshwe maabara ijulikane ni aina gani, kwa sababu wapo jamii ya kandida ambao dawa ya kawaida ya flukonazoli haiwawezi vizuri. Anastahili pia kupimwa sukari na VVU. Kumpa tu kidonge kingine kilekile si matibabu.

Kisha kuna bakteria. Uke wenye afya, katika umri wa kuzaa, una asidi: pH yake, yaani kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, huwa kati ya 3.8 na 4.5. Asidi hiyo hutengenezwa na bakteria rafiki, laktobasili, wanaotumia sukari iliyohifadhiwa kwenye kuta za uke kwa msaada wa homoni ya estrojeni. Daktari Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza bakteria hao tangu 1892. Wakipungua, wengine wanaongezeka, pH inapanda juu ya 4.5, na unapata majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo, hasa baada ya tendo la ndoa. Hali hii mara nyingi huleta harufu kuliko muwasho. Inatibiwa kwa metronidazoli au klindamisini, lakini ina tabia ya kurudi. Zaidi ya nusu ya wanaotibiwa huipata tena ndani ya mwaka. Mwaka 2025 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha jozi 164 za wapenzi. Pale ambapo mwanamume naye alitibiwa, kwa vidonge na krimu ya kupaka, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12. Pale ambapo mwanamke alitibiwa peke yake, ulirudi kwa asilimia 63. Kwa miaka mingi wanawake wamelaumiwa kwa usafi wao kwa jambo ambalo kwa wengi wao lilikuwa linarudi kupitia mwenza.

Trikomonasi nitaipitia haraka: ni vimelea vya zinaa, huweza kuleta majimaji ya kijani au njano yenye povu na muwasho, huweza pia kukaa kimya bila dalili, na hutibika. Sharti ni kwamba wenza wote watibiwe kwa pamoja, la sivyo mnarudishiana.

Nilipimwa haya yote, hatimaye, na sikukutwa na hata moja.

Daktari aliyenipatia jibu alianza kwa swali ambalo sikuwahi kuulizwa. Alisema, "Dada, unawashwa wapi hasa? Ndani, mlangoni, au nje kwenye ngozi?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea kusema "huku chini" na kila mtu akaridhika. Akanipa kioo kidogo cha mkononi akaniambia nimwonyeshe kwa kidole. Nikaonyesha: juu karibu na kinembe, kwenye midomo ya pande zote mbili, na chini kuelekea njia ya haja kubwa. Ndani hapakuwa na shida. Muwasho ambao kwa miaka nilikuwa nimeutibu kwa vidonge vya kuingiza ukeni ulikuwa, wote, nje ya uke.

Hakukimbilia kuandika dawa. Alivaa glavu, akavuta taa karibu, akaingiza kile kifaa cha kufungulia uke polepole huku akinieleza kila hatua. Alichukua ute kwa pamba, akaugusisha kwenye kipande cha karatasi ya njano, akakilinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kiboksi chake. Kilisoma 4. Akachukua ute mwingine, akaupaka kwenye vioo viwili vyembamba, kimoja akadondoshea maji ya chumvi, cha pili akadondoshea kimiminika kinachoyeyusha seli na kuwaacha fangasi waonekane. Aliinamia darubini kwa dakika kadhaa. Kisha akaniita nitazame. Niliona seli pana, bapa, zenye kingo safi, na vijiti vyembamba vya bakteria rafiki vimetapakaa katikati yake. Hapakuwa na nyuzi za fangasi. Hapakuwa na vimelea vinavyochezacheza. Akasema, "Uke wako ni mzima kabisa."

Sitasahau nilivyojisikia kuambiwa hivyo. Nilikuwa nimejiosha, nimejisugua, nimejipaka na kujiingizia vitu kwa muda wote huo kutibu kiungo ambacho hakikuwa kinaumwa.

Halafu akarudi kwenye taa na kuangalia ngozi. Huko ndiko tatizo lilikokuwa. Ngozi iliyozunguka ilikuwa imepoteza rangi yake, nyeupe, nyembamba, inang'aa, imekunjamana kama karatasi laini iliyofinyangwa kisha ikanyooshwa. Weupe ule ulizunguka midomo ya uke na kushuka kuzunguka njia ya haja kubwa, ukafanya umbo la namba 8. Kulikuwa na nyufa ndogo ambazo ndizo zilizokuwa zikichoma mkojo ulipopita, na madoa ya damu iliyovilia chini ya ngozi kutokana na kujikuna. Upande mmoja, mdomo wa ndani ulikuwa umeanza kusinyaa na kushikana na wa nje. Alinionyesha kwa kioo. Mwili wangu mwenyewe, na sikuwa nimewahi kuutazama.

Ugonjwa huo unaitwa laikeni sklerosasi. Ni ugonjwa sugu wa ngozi. Sababu yake kamili haijajulikana, lakini kinga ya mwili ina mkono, na ndiyo maana huonekana zaidi kwa watu wenye magonjwa mengine ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama ya tezi ya shingo. Hautokani na uchafu. Si wa zinaa. Hauambukizwi kwa kujamiiana, kwa choo, kwa taulo wala kwa nguo. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi na wasichana ambao hawajavunja ungo, lakini hata mwanamke aliye katikati ya umri huo, kama mimi, anaweza kuupata. Wanaume pia huupata. Muwasho wake mkali ni wa usiku, na usipotibiwa huacha makovu: midomo ya ndani hupotea, kinembe hufunikwa, mlango wa uke hubana, tendo la ndoa linakuwa mateso.

Kwa kuwa alitaka uhakika, alinichoma ganzi akakata kipande cha ngozi cha milimita chache kikapelekwa maabara. Sindano ya ganzi iliuma, nasema kweli. Baada ya hapo sikusikia kitu. Wapo wagonjwa ambao daktari mzoefu huwatambua kwa macho tu, na kipande hukatwa pale penye shaka, au penye kidonda au uvimbe usioeleweka, au dawa inapogoma kufanya kazi. Majibu yangu yalikubaliana na macho yake.

Dawa ni marhamu ya steroidi kali, klobetasoli ya asilimia 0.05. Utaratibu niliopewa, ambao ndio hutumika sana, ni kupaka mara moja kila usiku kwa mwezi wa kwanza, kisha usiku mmoja ndio mmoja hapana kwa mwezi wa pili, kisha mara mbili kwa wiki mwezi wa tatu. Kiasi ni kidogo: unakamua mstari unaoanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye pingili ya kwanza, ambao ni kama nusu gramu, na huo unatosha eneo lote. Bomba la gramu 30 linatakiwa likutoshe takriban miezi 3. Nayaandika haya si ili mtu akanunue ajipake. Steroidi kali ikipakwa penye fangasi au malengelenge huyazidishia nguvu. Naandika kwa ajili ya yule ambaye ameshaangaliwa, ameshapewa dawa, na sasa ameketi kitandani anasoma karatasi ya maelezo anaogopa.

Maana karatasi ile itakutisha. Yangu ilisema dawa isipakwe sehemu za siri. Ilisema hupunguza unene wa ngozi, na ngozi yangu ilikuwa tayari nyembamba. Nilirudi kumuuliza daktari, na nashukuru nilirudi badala ya kuiacha. Alinieleza kwamba onyo hilo ni la matumizi ya jumla, kwamba kwa ugonjwa huu ndiyo tiba ya kwanza duniani kote, na kwamba kinachoharibu ngozi yangu ni ugonjwa wenyewe. Alinipa sababu nyingine pia. Ugonjwa huu ukiachwa bila kutibiwa una hatari ndogo ya kugeuka saratani ya ngozi ya eneo hilo, chini ya asilimia 5. Madaktari wa Sydney waliwafuatilia wanawake 507 wenye ugonjwa huu na kuchapisha matokeo mwaka 2015: miongoni mwa waliofuata matibabu ipasavyo hakuna aliyepata saratani hiyo katika muda wa kufuatiliwa, wakati kwa waliotumia dawa kwa kurukaruka ilikuwa karibu asilimia 5. Tangu nisome hayo sijaruka.

Muwasho ulianza kupungua mapema kuliko nilivyotarajia. Usiku wa kwanza niliolala moja kwa moja hadi asubuhi niliamka nikalia. Nyufa zilichukua muda zaidi. Weupe umepungua lakini haujaisha wote, na kile kilichokwisha kushikana hakijaachana. Makovu hayarudi nyuma kwa dawa ya kupaka. Ndiyo maana kuchelewa kunaniuma mpaka leo. Kila krimu ya kubahatisha ilikuwa na gharama yake kwenye mwili wangu, na gharama hiyo niliilipa mimi, si aliyenishauri bila kuniangalia.

Nimesema "kuniangalia" mara nyingi na nitaendelea kusema. Niliwahi kukaa mbele ya mhudumu wa afya, nikaeleza, akaandika, nikaondoka na dawa, na muda wote huo sikuvua hata kiatu. Najua pengine alidhani ananistiri. Na wapo wanawake wengi, nami nilikuwa mmoja wao, ambao hushukuru kimoyomoyo kutoambiwa wapande kitandani. Lakini hakuna anayeandikiwa miwani bila macho yake kutazamwa. Ngozi ya huko ni ngozi, na daktari wa ngozi naye inamhusu, si daktari wa magonjwa ya wanawake peke yake.

Kuhusu mume wangu. Muwasho usioisha huzaa maswali ndani ya nyumba. Je, umeniletea kitu? Je, umetoka wapi? Sisi tuliulizana, kwa ukali, wote wawili, na hakuna aliyekuwa na kosa. Niliporudi na jina la ugonjwa na maelezo kwamba hauambukizi, ni kama mtu aliufungua mlango tukapumua. Tukakubaliana kwamba tendo la ndoa lingesubiri mpaka nyufa zipone, na tuliporudi tulirudi taratibu, kwa kilainishi kisicho na manukato. Kama mko kwenye hali hiyo sasa hivi, pimeni magonjwa ya zinaa wote wawili, mjue mmesimama wapi, kisha msigeuze muwasho kuwa kesi.

Sitaki mtu amalize kusoma akadhani basi na yeye ana laikeni. Hilo lingekuwa kurudia kosa la fangasi kwa jina jipya. Sababu inayoonekana mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani ni ngozi kukasirishwa na kitu kinachoigusa: sabuni, maji ya kuoshea uke yenye manukato, taulo za kike zenye harufu, pedi za kila siku, sabuni ya kufulia, kondomu za mpira kwa mwenye mzio nao, dawa za kuua mbegu za kiume, hata krimu za dawa zenyewe. Vitambaa vyenye unyevu vya kujipangusia vinastahili kutajwa peke yake, kwa sababu vingi vimewahi kutiwa kihifadhi kiitwacho methilisothiazolinoni ambacho kimewapa watu wengi mzio wa ngozi, na mtu mwenye muwasho ndiye anayevitumia zaidi. Dawa za ganzi za kupaka, zile zenye benzokaini, hutuliza kwa dakika chache kisha zenyewe zinaleta mzio. Mzio wa aina hii unaweza kuanza kwa kitu ulichokitumia miaka mingi bila shida. Hutafutwa kwa kubandikwa viraka vidogo vya kemikali mbalimbali mgongoni, vinakaa siku 2, kisha ngozi inasomwa, na kusomwa tena siku chache baadaye.

Mwanamke anayenyonyesha au aliyekoma hedhi anaweza kuwa na ukavu na muwasho kwa sababu estrojeni imeshuka na kuta za uke zimekuwa nyembamba. Kwa aliyekoma hedhi, krimu au vidonge vidogo vya estrojeni vya kuweka ukeni husaidia sana, lakini wengi huvumilia wakidhani ndio uzee. Wapo wenye kuchoma na kuuma kwa miezi 3 au zaidi bila chochote kuonekana kwenye ngozi wala kwenye vipimo. Hilo ni tatizo halisi la neva na misuli ya nyonga, lina tiba zake, yakiwemo mazoezi ya kulegeza misuli hiyo chini ya mtaalamu. Na kuna muwasho unaojilisha wenyewe: ngozi imewashwa kwa sababu yoyote, umeikuna, imekuwa ngumu na nene, na sasa inawasha kwa sababu ya ugumu huo, hata kama kilichoanzisha kimeshaondoka.

Wakati jibu linatafutwa, mtu bado anawashwa leo usiku. Yaliyonisaidia mimi ni haya. Niliacha kila kitu chenye harufu. Ndani ya uke hapaoshwi na chochote, hata maji, kwa sababu hujisafisha wenyewe, na kuosha ndani huwafukuza wale bakteria rafiki. Nje nilitumia maji ya uvuguvugu tu, kwa mkono, bila dodoki, kisha nikajikausha kwa kugusisha taulo badala ya kusugua. Baada ya hapo nilipaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, safu nyembamba, na nyingine kabla ya kukojoa pale nyufa zilipokuwa zikichoma. Kumimina maji ya vuguvugu huku unakojoa pia hupunguza kuchoma. Usiku nililala bila chupi, kucha nimezikata fupi kabisa, na muwasho ulipopanda niliweka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi badala ya kukuna. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Ndimu, siki, kitunguu saumu, dawa ya meno, vyote hivyo nimesikia vikipendekezwa, na vyote huunguza. Tafadhali usivipeleke huko.

Yapo mambo ambayo hayasubiri: homa au maumivu ya chini ya tumbo pamoja na majimaji yasiyo ya kawaida, malengelenge au vidonda, kutokwa damu wakati si wa hedhi au baada ya kukoma hedhi, na kidonda, uvimbe au ngozi ngumu isiyopona. Mwenye ujauzito naye asijinunulie dawa yoyote, hata ile aliyoitumia zamani ikamfaa.

Na kama ni binti mdogo anayewashwa, asipuuzwe wala asifokewe kwa kushika sehemu zake. Kwa watoto laikeni hujificha nyuma ya kuwashwa usiku, kulia wakati wa haja, na choo kigumu, kwa sababu mtoto huogopa kujisaidia akiwa na nyufa. Madoa yake ya damu yamewahi kudhaniwa kuwa dalili za kubakwa. Kinachotakiwa ni daktari anayeujua ugonjwa huu amwangalie mtoto kwa upole, na uwezekano wa unyanyasaji nao uulizwe kwa makini na uzito wake. Jambo moja halifuti jingine.

Ukienda kuangaliwa, kwa siku 2 kabla usijamiiane, usiweke krimu wala kidonge ukeni, na usijioshe ndani, ili sampuli iseme ukweli. Beba mabomba na maboksi ya dawa zote ulizotumia, hata yaliyoisha, maana viambato vilivyoandikwa nyuma vinaweza kuwa ndio jibu. Andika mahali unapowashwa, saa za muwasho, na kile kilichobadilika muwasho ulipoanza. Ukishaketi, mwambie: nimetumia dawa ya fangasi na hali imerudi, naomba uniangalie na unipime kabla hujaniandikia nyingine. Akikataa, uliza nani mwingine anaweza kukuangalia, na uende kwa huyo.